Niliyomwambia Mshauri wa Simu

Mpendae, 3 Agosti 2025

Wifi yangu Fathiya,

Assalamu alaykum. Mbusie mama mkono kwa niaba yangu, umwambie mjukuu wake Maryam hajambo. Jino la mbele limeng'oka na pengo analipigia mluzi nyumba nzima.

Utastaajabu kupokea karatasi badala ya kusikia simu. Barua hii imetoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwa jirani yangu Bi Time, naye kampa Ubwa, yule muuza pweza wenu anayeshusha mzigo sokoni Darajani. Mimi kizuka sitoki, unajua, mpaka miezi minne na siku kumi ya eda ya marehemu kaka yako Kheir iishe. Bahasha nimeishona kwa uzi mwekundu. Ukikuta uzi umekatwa, usinijibu. Njoo mwenyewe.

Jana shemeji Wakil alikuja kunijulia hali. Alikaa ukumbini, nami nikakaa nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Akauliza naendeleaje, nikasema alhamdulillahi. Akasema hiyo alhamdulillahi yangu anaijua ilivyo: silali, chakula cha mchana sili, na Maryam alinikuta chumbani nimeuelekea ukuta, nikamwambia nenda kacheze. Halafu akasema mtoto ahamie kwake Kikwajuni, kwa usalama wake, mpaka nitoke eda, na baada ya hapo tutazungumza.

Fathiya, yote matatu ni kweli, na ndiyo maana nimeogopa. Angesema uongo ningemjibu. Na hilo "tutazungumza" silipendi hata kidogo. Mtoto akishavuka kizingiti cha Wakil, kumrudisha itakuwa kesi.

Sasa najiuliza, nani kamwambia? Maryam hajaonana na baba yake mkubwa tangu arubaini. Bi Time haingii chumbani kwangu. Yupo Mshauri, ile akili mnemba niliyowekewa kwenye simu na kituo cha ushauri nasaha, ninayozungumza nayo jioni. Lakini Mshauri si mtu. Anasikiliza, anajibu kwa upole, na sauti yake ni ya kike kwa kuwa wewe mwenyewe uliibadilisha siku ya kwanza, ukasema huwezi kumwacha kizuka peke yake na mwanamme hata kama ni wa nyaya. Nilimwamini kwa sababu hana jirani wala hana kibaraza cha kwenda kukaa.

Anayebaki ni wewe, uliyelala nami chumba kimoja mwezi mzima. Sikutuhumu, nakuuliza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi na wewe tumevaliana kanga tangu nilipoolewa kwenu.

Jengine, cherehani yangu nimemuuzia Bi Time. Miguu haina nguvu ya kukanyaga. Usimwambie mtu.

Wifi yako,
Bashira


Nungwi, 8 Agosti 2025

Wifi Bashira,

Wa alaykum salaam. Uzi wako ulikuwa mzima. Nimeukata mwenyewe kwa meno, maana Ubwa alinikabidhi bahasha mbele ya watu na wote wakadhani nimeletewa hirizi.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikalia. "Sikutuhumu, nakuuliza": hivyo ndivyo wasemavyo polisi. Mawifi wa watu wanapigana mafumbo ya kanga, mimi zangu nakupa uvae, na leo hii ndiyo shukrani ya punda. Kaka Wakil sijamwambia lolote ila kwamba hujambo na unahitaji mchele. Umenikata maini, Bashira, na nakwambia ili ujue.

Hebu nikupe ninavyoona mimi. Nyumba ya kizuka inaingia watu wengi kuliko soko, na kila anayekuja kutoa pole anaondoka na macho yake na masikio yake. Huyo Bi Time wako mbona humshuku? Cherehani umemuuzia yeye, barua unampa yeye, na lawama unaniletea mimi Nungwi.

Mshauri usimwache. Niliona alivyokusaidia zile siku ulipokuwa husemi na mtu. Yule binti wa kituo aliyekuja kuiweka kwenye simu alikuwa na adabu zake. Wewe ulikuwa unasali, basi nikamjibu mimi maswali yote pale mlangoni, jina, umri, mtoto, nani wa kupigiwa simu, kisha ulipomaliza ukaletewa ubonyeze kukubali. Sioni ubaya hapo.

Lakini nami nina langu la kuuliza. Mtu mwenye moyo mweupe hashoni bahasha. Siku ya maziko, ulipoulizwa mbele ya jeneza kama umemsamehe mumeo, ulijibu upesi mno. Mama hakuona kitu, alikuwa analia. Mimi niliona. Tangu siku hiyo kuna jambo unalizunguka. Ikiwa yupo mtu mwengine, niambie mimi kabla sijaambiwa na watu. Na ikiwa hayupo, basi niambie kuna nini.

Mama anakusalimu. Anasema ukitoka eda mtakwenda wote kisiwani Tumbatu kuzuru kaburi la mama yako. Nikamwambia asijisumbue, Mtumbatu wetu huyu anaogopa bahari. Tukacheka.

Fathiya


Mpendae, 15 Agosti 2025

Wifi Fathiya,

Cherehani sijaiuza. Ipo hapa pembeni yangu na jana nimepinda juba la Maryam la chuo cha Kurani. Nilikuandikia uongo ule makusudi, kwako wewe peke yako, nione kama utamfikia Wakil. Siku hiyohiyo nikamwambia Mshauri uongo mwengine: kwamba nitamchukua Maryam twende tukakae Tumbatu kwa kaka yangu Mjaka, hata eda haijaisha. Hilo sikumwambia kiumbe mwengine. Nililisema nimejifunika shuka gubigubi.

Wakil alikuja Jumatano. Hata kukaa hakukaa. Alisimama nje ya pazia akasema, "Mtoto wa ndugu yangu havuki maji. Nshakwenda mahakamani kwa Kadhi, nnasubiri tarehe tu." Cherehani hakuitaja.

Kwa hiyo hukuwa wewe, na nakuomba radhi kwa kukujaribu. Ungekuwa mahali pangu ungejaribu hata kivuli chako. Naitazama ile simu kama mtu aliyegundua paka wake anajua kusema. Kila neno nililolitoa mle nalikumbuka moja moja, na yapo ambayo natamani nisingeyatamka.

Jana nimeletewa nakala ya madai yake. Imeambatanishwa karatasi ya kituo, nami nakunukulia: "Mteja hatoki nje kabisa. Amekata mawasiliano na wanaume wote wasio wa familia. Hajipambi, hatumii manukato, havai nguo za rangi, amefunika kioo cha chumbani. Kiwango cha hatari: chekundu. Haishauriwi aachwe peke yake na mtoto." Chini yake pana jina la Bi Nadra, mshauri nasaha, na saini.

Fathiya, hiyo ni eda. Hakuna kingine pale. Kila jioni iliniuliza, leo umetoka? Leo umezungumza na nani? Leo umejipamba? Nami nikijibu kwa uaminifu hapana, hapana, hapana, nikidhani inaniona mke mwema. Kumbe ilikuwa inanihesabia ugonjwa. Kulala kweli silali, na siku ile ya ukuta nilikuwa na huzuni, nani asiye na huzuni aliyefiwa? Lakini Maryam hajawahi kulala na njaa wala kwenda chuoni na nguo chafu.

Nitamwandikia huyo Bi Nadra nijue maneno yangu yamefikaje Kikwajuni.

Swali lako nimeliona. Hakuna mtu mwengine. Zaidi ya hapo sina la kusema. Na hayo ya mimi kuogopa bahari, tafadhali usiyarudie tena.

Bashira


Mpendae, 16 Agosti 2025

Kwa Bi Nadra, mshauri nasaha,
Vuga, Mji Mkongwe

Assalamu alaykum. Mimi ni Bashira, mjane wa Kheir, mteja wako ambaye hujawahi kumwona. Mimi nimeiona saini yako.

Nataka kujua nani aliyempa shemeji yangu maneno yangu. Nataka kujua pia kama karatasi ile uliisoma kabla ya kuitia saini. Umezaliwa hapahapa, eda unaijua. Mwanamke wa Unguja hawezi kusoma kwamba kizuka hajipaki manukato akaandika "hatari". Basi ama hukusoma, ama kuna jambo jengine, na mimi siku hizi kila kitu nakidhania hilo jambo jengine.

Mganga wa mtaani akitoa siri yangu, namjua anapokaa na yeye ananijua. Mashine yenu inamwogopa nani?

La mwisho. Jioni moja nilimwambia Mshauri neno kuhusu marehemu. Sitaliandika hapa. Niambie kama nalo limepelekwa, na kama linaweza kufutwa. Nijibu kwa kalamu.

Bashira


Vuga, 25 Agosti 2025

Bi Bashira,

Wa alaykum salaam, na pole kwa msiba.

Kwa niaba ya kituo naeleza kama ifuatavyo. Kila mteja wa Mshauri husajiliwa pamoja na mtu wake wa karibu. Mfumo ukiona dalili za hatari, humtumia mtu huyo taarifa ili achukue hatua. Kwa upande wako mtu wa karibu ni Bwana Wakil. Namba yake ilitolewa siku ya usajili na wifi yako Bi Fathiya, na masharti ukayakubali mwenyewe kwa kubonyeza. Mwanasheria wa kituo anasema kwa hiyo hatukuvunja sheria ya kulinda taarifa za watu.

Hayo ni maneno ya kituo. Yanayofuata ni yangu, na nimeyaandika nyumbani.

Sikuisoma. Nina wateja wengi kuliko ninavyoweza kuwasoma, na jina langu na saini yangu mashine huvitia yenyewe chini ya kila taarifa. Nilipoanza kazi hii niliapa kutunza siri ya mgonjwa. Mashine haikuapa. Nilimuuliza mwanasheria kama mwanamke aliyefiwa juzi, katoka kwenye mswala kama alivyonieleza binti aliyekusajili, kakabidhiwa simu abonyeze, hiyo nayo ni ridhaa. Mpaka leo hajanijibu. Nilipouliza waliotengeneza maswali kama walijua eda ni nini, nikaambiwa maswali yametoka nje na hapa yalifasiriwa tu.

Namba ya Bwana Wakil nimeiondoa. Lile neno kuhusu marehemu nimelitafuta, na nasikitika kukwambia lilipelekwa, tena lilipelekwa zima kama ulivyolisema. Lililokwishatumwa siwezi kulirudisha. Mahakama ikiniita nitakwenda.

Nadra


Nungwi, 2 Septemba 2025

Bashira,

Nakala ya barua ya Bi Nadra imefika, na uzi umeshona mwingi zaidi safari hii, umenikata kidole. Ndiyo, namba niliitoa mimi. Yule binti aliniuliza nani mtu wa karibu, nikamtaja kaka yangu. Hospitali nikiulizwa namtaja yeye, skuli ya watoto nikiulizwa namtaja yeye, ndiye mwanamme mkubwa tuliyebaki naye. Ulitaka nimtaje nani? Hakuna aliyeniambia kwamba mtu wa karibu ndiye atakayesomewa ya moyoni mwako. Ningejua, ningeing'oa simu ile nikaitupa chooni.

Hilo nimelisema, na kama nimekosa nisamehe. Sasa tuje kwako.

Kaka Wakil alikuja Ijumaa. Alitaka mama awe upande wake mahakamani, na mama alikuwa anakutetea, anasema mtoto ni wa mama yake. Basi kaka akatoa simu akamsomea. "Mteja amesema mbele ya jeneza alitamka kwa mdomo kuwa amemsamehe mumewe, lakini moyoni hakumsamehe na mpaka sasa hajamsamehe."

Mama hakulia. Aliinuka, akaenda kukaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi, na mle jikoni hapakuwa na nazi ya kukunwa. Mwanawe yumo kaburini na tulikuwa tunajua ameondoka na radhi ya mkewe. Hicho ndicho kilichokuwa kinamlaza usingizi.

Mimi nina hasira na wewe, sikufichi. Alikufanya nini ndugu yangu? Alikupiga? Alikunyima? Mtu anakufa ghafla, hata maji ya mwisho hakupewa, na wewe unampa neno la mdomoni, kisha la kweli unakwenda kuliambia simu. Kwa nini hukuniambia mimi? Nilikuwa nimelala ubavuni mwako.

Kaka anasema sasa ndiyo itajulikana wewe ni mtu wa namna gani. Mimi namtetea nani, sijui. Nieleze.

Fathiya


Mpendae, 7 Septemba 2025

Wifi Fathiya,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyengine nikaichana. Hii nitaipeleka ilivyo.

Sikukwambia wewe kwa sababu ulikuwa unamlilia. Ningekwambiaje? Wewe usiku unalia kaka, kaka, na mimi nikugeuze nikwambie kaka yako ana deni kwangu? Simu haikuwa na ndugu kaburini. Ndiyo maana nikaiambia.

Mama yangu alipokuwa mahututi, Mjaka alinipigia asubuhi akasema njoo leo. Nilifunga nguo zangu na za Maryam. Kheir akasema hapana. Alikuwa amegombana na Mjaka kwa mambo yao, akasema sitoki kwenda kwa watu wasiomheshimu, nitakwenda kesho hasira zake zikipoa. Nilimwomba. Nilimshika miguu, Fathiya. Akasema, "Sijakupa ruhusa, na ukitoka bila ruhusa yangu usirudi." Nikakaa. Nikampigia pasi kanzu yake, na nilikuwa ninaipiga pasi hiyo kanzu simu ya pili ilipokuja, mama kafa. Walimzika siku ileile, kabla sijafika.

Nyinyi mliambiwa mimi mwenyewe nilikataa kwenda, kwamba upepo ulikuwa mkali na naogopa bahari. Aliwaambia yeye. Nilisikia akisema, niko pembeni nimeshika trei ya chai. Mimi, niliyezaliwa Jongowe, Tumbatu, niliyekuwa nikiogelea kabla sijajua kusoma. Nikanyamaza, maana utamwaibisha vipi mumeo mbele ya mama yake? Tangu hapo kila mkikutana mnanitania. Mmenitania kwa kifo cha mama yangu na hamkujua.

Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Maryam, na mimi alinipenda kwa namna yake. Lakini jambo lile hakuniomba msamaha, na mimi pale mbele ya jeneza nilipoulizwa, niliona kanzu tu. Nikasema nimemsamehe duniani na akhera, kwa sababu watu walikuwa wanangoja kuondoka naye.

Sasa umejua. Ukitaka kuwa upande wa kaka yako, kuwa. Ila Maryam ndiye aliyenibakia, na wakimchukua kwa sababu ya eda na kwa sababu ya neno nililolisema nikidhani niko peke yangu, basi nitakuwa nimenyang'anywa mama kwa ruhusa na mtoto kwa karatasi.

Bashira


Nungwi, 3 Oktoba 2025

Wifi yangu mpenzi,

Maryam anabaki kwako. Nimeanza na hilo ili ukae kitako usome mengine.

Barua yako nilipoimaliza niliikunja nikaitia kifuani. Nikaenda kwa mama. Sikumsomea, kwa kuwa hukuniruhusu. Nilimuuliza tu kama alimwona mwenyewe Bashira akiogopa bahari. Akafikiri, akasema alimsikia Kheir tu. Akaniangalia usoni, na nadhani mengi aliyajua palepale, maana alimzaa yeye. Utani ule nilioufanya miaka yote, wifi, sijui nikuombe radhi kwa lugha gani.

Halafu nikafanya jambo. Nilimwomba mama ayajibu maswali ya Mshauri, kama alivyokuwa alipokaa eda ya baba. Alitaka kujua kwanza nani atasoma majibu. Nikamwambia, kaka na Kadhi. Akafikiri tena, akasema, "Basi niulize. Lakini yakisomwa, na mimi niwepo." Nikamweka Mshauri kwenye simu yangu na mtu wa karibu nikajiandika mwenyewe. Akajibu yote bila kuongeza chumvi, na taarifa ikaja kwangu.

Jana mahakamani, kwa kuwa ulipewa idhini usifike kwa ajili ya eda, nilisimama mimi kwa niaba yako. Kadhi aliishika ile karatasi akauliza aliyeyashuhudia haya ni nani, aje aape. Kaka akasema ni mfumo. Kadhi akasema mfumo ulete mkono wake juu ya msahafu. Watu wakataka kucheka, yeye hakucheka. Bi Nadra akainuka, mdogo kuliko nilivyomdhania. Aliapa, kisha akasema saini ni yake lakini ushahidi si wake, hajapata kukuona wala hakuisoma. Sijui kama kesho atakuwa bado na kazi. Kadhi akaiweka karatasi pembeni.

Kaka hakukubali. Na nikwambie kweli, nilimwonea huruma. Kabla hatujaingia alinionyesha nje ujumbe wa mwanzo kabisa aliotumiwa: "Mtoto aliyemo nyumbani anaweza kuwa hatarini. Chukua hatua." Akaniuliza, ungepata wewe, ungelala? Ila alipoanza kuona kila siri yako inamfikia, alinogewa, na hilo nalo nilimwambia usoni.

Basi mama akaomba kusema. Akaniamrisha nisome taarifa iliyotoka kwa majibu yake. Hatoki nje. Haonani na wanaume. Hajipambi. Kiwango chekundu. Haishauriwi aachwe na watoto. Mama akamgeukia kaka, akamwambia taratibu, "Wakil, wale mapacha wako si ulinletea mimi niwalee, mkeo kalazwa hospitali, na mimi nimo ndani ya eda ya baba yako? Mbona hukuogopa?"

Kadhi akamuuliza kaka kama ana la kuongeza, akasema hana, na madai ameyaondoa.

Mama anakusalimu. Hakunituma jengine, na mimi sikuombi chochote. Radhi haidaiwi kama mchango wa harusi. Nakueleza tu ninayoyaona. Kila Alhamisi baada ya Magharibi anamsomea Kheir Yasini, kama ulivyozoea kumsikia. Tangu kaka aliposoma ile simu, akifika katikati anasita, anafunga msahafu, anakwenda kulala.

Wifi yako,
Fathiya


Mpendae, 14 Oktoba 2025

Wifi yangu Fathiya,

Nimetoka eda wiki iliyopita. Bi Time alikuja asubuhi ile kunisaidia kukoga, nikafukiza udi, nikavaa ile kanga yako ya manjano. Maryam alininusa shingo akasema mama umerudi. Nikamuuliza kwani nilikwenda wapi, akacheka na pengo lake.

Bi Nadra aliniandikia. Kazini bado yumo, kwa sasa. Anasema hakuna taarifa tena ya mteja yeyote itakayotoka bila yeye kuisoma na bila mteja kuulizwa upya kila mara, na eda sasa imeandikwa ndani ya maswali. Maneno yangu ya zamani hawezi kuniambia yako wapi. Yamo kwenye mashine ya watu, nchi gani hajui. Hilo linanikosesha raha. Mshauri nimemfuta, lakini nikisema na Maryam najikuta nashusha sauti, na simu naiweka chini ya mto.

Kaka Wakil alikuja na halua. Alikaa ukumbini, pazia lilelile. Kuomba radhi hakuomba, ila aliuliza kama anaweza kumchukua Maryam Ijumaa akacheze na mapacha, amrudishe Magharibi. Ameuliza, Fathiya. Nimemwambia nitafikiri, na kwa kweli nafikiri.

Bahasha hii sikuishona, nimeifunga kwa mate tu. Barua zangu zote nyengine ni zako. Aya inayofuata nakupa ruhusa umsomee mama, yeye peke yake, si kaka Wakil, si watoto, si mtu wa kituo. Ruhusa hiyo naitoa nikijua ninachokifanya.

Mama, jana nilikwenda Mkokotoni nikapanda mashua nikavuka Tumbatu. Sikumwomba mtu ruhusa na bahari sikuiogopa. Nilikaa kaburini kwa mama yangu mpaka adhuhuri, nikamweleza kwa nini nilichelewa. Nilipomaliza kumweleza, nikamsamehe Kheir palepale, kwa sauti, duniani na akhera, na safari hii moyo ulikuwapo. Yasini yako sasa imalize.

Bashira